Mkalimani Hatii Chumvi

Siku ya kuniaga nilipostaafu, kanisa lilinipa tangi la maji, blanketi la zambarau na leso ambazo sitazimaliza hata nikigawia majirani. Kila aliyeshika maikrofoni alisema mimi ni nguzo ya parokia. Nguzo haipewi blanketi, lakini nilishukuru. Baada ya chakula Kelvin, mmoja wa vijana niliowalea, akanivuta kando akaniambia, "Mwalimu, hawa wanaochukua hii kazi hawajui waanzie wapi. Waandikie. Lakini andika vile ilikuwa, usitupambie."

Basi ninyi mnaochukua kazi ya kuwalea vijana wanaosema wameitwa kuhubiri, haya ndiyo niliyo nayo. Mshahara sitautaja, maana haukuwa na mengi ya kutajwa. Vyeo navyo nitaviacha. Niliingia mwinjilisti nikatoka mwinjilisti, na katikati waliniongezea makanisa.

Nilianzia Thika. Asubuhi ya kwanza niliripoti nikiwa nimevaa viatu vya kisigino, na hilo lilikuwa kosa. Ofisi ilikuwa stoo ya viti. Ndani kulikuwa na ngoma za kwaya, mifuko ya simiti ya mnara ambao haukuwahi kujengwa, na mzee Njoroge, mwinjilisti aliyepewa kazi ya kunifundisha. Nje, kwenye benchi, walikuwa wamekaa vijana wamechana nywele vizuri.

"Hao ni akina nani?" nikamuuliza.

"Hao wameitwa."

"Wameitwa na nani?"

"Kujua hilo ndiyo kazi yako," akasema, akanipa kiti kilichokuwa na miguu yote.

Mzee Njoroge alikuwa na swali moja tu kwa kila kijana: umeitwa uende wapi? Wa kwanza siku hiyo, kijana wa tai, alijibu kwamba ameitwa kwa mataifa. "Vizuri sana," mzee akasema. "Anzia Gatuanyaga, hapa jirani. Kuna mkutano wa akina mama Alhamisi na spika inahitaji mtu wa kuibeba." Alhamisi ilifika, spika tukaibeba mimi na mzee. Wa pili alikuwa msichana mkimya. Alisema hajui aende wapi, ila usingizi umempotea. Mzee akanigeukia. "Huyu mwekee chai."

Hapo ndipo nilipojifunza sehemu kubwa ya kazi hii, na sehemu hiyo ni chai. Kijana akikwambia ameitwa, usimpigie makofi, maana atazoea makofi. Usimkatize pia. Ukimkatiza, kesho atafungua kanisa lake kwa mabati ya kukodi. Ukipita Ruiru na kuona makanisa yalivyobanana, ujue kwamba mengi ni mahali ambapo mzee fulani hakuwa na subira ya kusikiliza. Mwekee chai, msikilize, halafu mpe kitu cha kubeba.

Vifaa vyangu vilikuwa vichache. Gambuti, kwa sababu mvua ikinyesha udongo wa shambani kule Theta hukamata mguu na hauuachi bila maelezo. Tangawizi ya koo. Mwavuli. Betri za ziada, maana stima hupenda kupotea wakati wa sala ya kufungua. Na Biblia ya herufi kubwa, ambayo niliinunua nikiwa bado kijana ili niwaazime wazee, na sasa naitumia mwenyewe.

Nilipohamishiwa Ruiru ndipo nilipokutana na huyu Kelvin. Alitoka Membley, kwa watu wenye geti na mlinzi, na alikuwa anasomea uhandisi. Aliingia ofisini akasema, "Niaje, Mwalimu." Nikamjibu, "Habari za asubuhi," na tangu hapo tukaelewana. Shida yake ilikuwa sauti. Akiongea tu alikuwa na sauti nzuri ya kawaida, lakini akishika maikrofoni ilianza kukwaruza kana kwamba amemeza mchanga. Wahubiri vijana wengi wako hivyo. Mmoja huanza kwenye televisheni, na baada ya mwezi kaunti nzima imeambukizwa.

Dawa yake niliipata kwa mzee Njoroge: mpe matangazo. Kitambulisho kilichookotwa, gari linaloziba lango, kikao cha kamati ya vyoo. Kelvin alitangaza kikao cha kamati ya vyoo kwa sauti ya siku ya mwisho, na mama mmoja benchi la nyuma akamwita Mungu kwa Kikuyu, "Ngai!" akakumbatia mkoba wake. Jumapili iliyofuata nikampa matangazo tena, na tena, hadi siku alipotangaza ile kamati vile mtu hutangaza kamati. Nikamwambia, "Sasa hubiri kwa hiyo sauti."

"Hii tu?"

"Hiyo tu. Ndiyo uliyopewa."

Baba yake aliniita Membley, akanikaribisha kwa chai na hasira. "Mwinjilisti," akasema, "mimi nimelipa karo tangu nasari. Huyo Mungu wenu, kwani hawezi kuita mtu ambaye sijamlipia?" Nilimwambia kijana amalize masomo kwanza, wito si maziwa, hautaharibika. Akaniongezea chai. Kelvin akamaliza, akakaa nyumbani akingoja kazi, na kadiri kazi ilivyochelewa ndivyo baba alivyozidi kuuona wito wa mwanawe kuwa wa kweli. Wazazi nao hulelewa, na mara nyingi hao ndio wagumu kuliko vijana.

Sasa niwaambie kuhusu ukalimani, maana ndiyo njia niliyoitumia kuliko zote. Kanisa letu lina ushirika wa mjini na ushirika wa shambani, Theta. Mgeni akija Theta huhubiri kwa Kiswahili, na mtu husimama kando yake akitafsiri kwa Kikuyu kwa ajili ya wazee ambao Kiswahili chao ni cha sokoni. Watu wengi huona hiyo kazi ya kumsindikiza mgeni tu. Mimi sikumruhusu kijana yeyote ahubiri kabla hajakalimani kwa muda mrefu. Mkalimani hana budi kusikiliza sentensi ya mtu mwingine hadi mwisho. Hugundua mapema pia ni sentensi ngapi za wahubiri hazina kitu ndani, na hilo humsaidia atakapoanza kutunga zake.

Kanuni zangu walizijua wote. Simama kushoto kwake, nusu hatua nyuma. Akisema "mimi", nawe useme "mimi", hata kama anasimulia alivyomposa mkewe. Akilia, wewe tafsiri, usilie. Akikosea jina la nabii, tafsiri kosa. Mke wake atamrekebisha nyumbani. Na juu ya yote, mkalimani hatii chumvi. Asiongeze, asipunguze.

Wanja ndiye aliyekuwa mkalimani bora niliyewahi kumlea, na ndiye aliyenipa kesi ngumu kuliko zote. Mama yake alilima kabichi na sukuma wiki huko Theta, naye alishona katika kiwanda kimoja cha nguo Ruiru. Alishona kola. Kola asubuhi, kola jioni, shati lenyewe halioni. Alinijia siku moja baada ya ibada, nyuzi nyeupe zikiwa bado kwenye sweta yake.

"Mwalimu, nikiwa kazini najipata nahubiria cherehani."

"Na cherehani inasemaje?"

"Inaendelea tu."

"Kuna makanisa hayafanyi hata hivyo," nikamwambia, nikamwekea chai.

Chuo cha Biblia hutupa nafasi moja, tena kwa zamu na parokia nyingine, kwa hiyo ikikupita imekupita. Zamu yetu ilipofika, majina yalikuwa mawili, Kelvin na Wanja. Kelvin aliniambia faraghani, "Mwalimu, huyo msichana anatushinda wote. Mimi nitangoja. Lakini tafadhali usimwambie dadi." Aliyebaki kushawishiwa ni mzee Kamande, mwenyekiti wa wazee wa kanisa, mtu wa haki, mzito kama mlango wa ghala.

"Huyu msichana ataolewa," akasema, "na pendekezo letu litaolewa pamoja naye."

"Hata Kelvin ataoa, mzee."

"Kelvin akioa anabaki hapa."

Nikamsogezea mandazi. Ilichukua mandazi mengi. Mwishowe alikubali kwamba jina la Wanja liende chuoni mara tu baada ya sikukuu ya mavuno, mradi pasitokee neno. Wanja nilipomwambia alikaa chini kwenye ngazi za kanisa akafunika uso kwa mikono miwili. Alikuwa ameshaomba mara moja huko nyuma akakosa, na alijua kwamba safari hii akikosa, atarudi kwa kola na atakaa huko.

Neno likatokea. Tulikuwa tumemwalika Mchungaji Wafula ahubiri siku ya mavuno. Yeye ni mtu wa Bungoma, na ana ushirika wake kule Kiuu, kwenye nyumba za kupanga, wengi wao watu waliotoka magharibi kutafuta kazi. Sifa zake zilikuwa kubwa. Lakini siku hiyo alishuka kwenye gari polepole, akasalimia watu bila kuwaangalia, na alipofungua Biblia nikaona mtu amekuja mwili tu. Somo lilikuwa Ruthu kuokota masuke. Akasema, "Ruthu alikwenda shambani." Akanyamaza. Akasema, "Akaokota." Akanyamaza tena. "Mungu ni mwema," akasema.

Wanja, kushoto kwake, nusu hatua nyuma, alitafsiri lile la kwanza sawasawa. La pili akaliongezea kidogo. Alipofika kwa "Mungu ni mwema" nilimsikia akiwaambia wamama wa Theta, kwa Kikuyu safi kabisa, kwamba wavunaji hutembea wima wakiimba na kila mtu huwaona, lakini aliyeinama nyuma yao akiokota kilichoanguka ndiye aliyepeleka unga nyumbani jioni ile. Akawaambia Mungu anaujua mgongo wa anayeinama. Na hao wamama, jamani, maisha yao yote wameinamia kabichi.

Mchungaji akasema tena maneno matatu. Wanja akatafsiri kwa muda ambao ungekutosha kumenya viazi vya familia. Watu wakaanza kulia. Mchungaji akawatazama kwa mshangao, akajikaza, akasema mengine machache, na kilio kikazidi. Mama mmoja aliinuka akaleta kabichi mbele, halafu mwingine, na mzee mmoja akaenda nje akarudi na mbuzi. Mimi nilikuwa nimekaa benchi la mbele nikiitazama sakafu. Nilikasirika, na nilijivuna, na sikujua niweke nini wapi.

Mchungaji Wafula aliondoka na mbuzi na buti la gari limejaa kabichi. Alipokuwa akituaga macho yake yalikuwa mekundu. "Nyinyi watu wa Theta," akasema, "Mungu awabariki. Hamjui mmenifanyia nini."

Wazee wa kanisa, tofauti na mchungaji, wanajua lugha zote mbili. Tulipoingia vestri, chumba cha wazee nyuma ya madhabahu, mzee Kamande alivua kofia, akaiweka juu ya meza, akasema, "Mimi nimesikia mahubiri mawili na nimeona mbuzi mmoja. Nataka kujua mbuzi alikuwa wa nani."

Hakuna aliyecheka, nami nilijizuia kwa shida. Uamuzi wao ulikuwa huu: Wanja aende kwa Mchungaji Wafula akiri alichofanya. Mchungaji akiridhika, jina linakwenda chuoni. Asiporidhika, linakwenda la Kelvin. Kwa kusema kweli, ningekuwa mzee wa kanisa ningeamua vivyo hivyo.

Nilimkuta Wanja nyuma ya kanisa akiosha vikombe ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

"Ulimnyang'anya mhubiri mahubiri yake," nikamwambia.

"Lakini Mwalimu, wale wamama walikuja na njaa. Ningewapa nini?"

"Ungewapa alichosema."

"Alikuwa hajasema kitu!"

"Basi ungewapa hicho."

Akaweka kikombe chini. "Nilidhani namsaidia," akasema.

Alhamisi akaomba ruhusa kazini, tukashuka Kiuu mimi na yeye. Kanisa la Mchungaji Wafula liko nyuma ya duka la nafaka, mabati juu, mabati pande zote. Yule mbuzi wetu alikuwa amefungwa mlangoni, akitafuna jani la kabichi yetu. Alitutazama bila aibu. Mchungaji alikuwa ndani akipanga viti, mwenyewe, bila shati lake la kola ya kichungaji. Akafurahi kutuona. Akaagiza soda. Akasema Theta imemrudishia nguvu.

Wanja alisimama. Nilimwambia akae, akakataa. Akamweleza yote, kwa Kiswahili, bila kujitetea, na hapo kwenye kueleza hakutia chumvi hata punje.

Mchungaji alivuta kimoja cha vile viti. Akakaa. "Hebu niambie," akasema, "uliwaambia nini hasa?" Wanja akamwambia habari ya wavunaji, na ya anayeinama, na ya mgongo. Akasikiliza hadi mwisho, kama mkalimani.

"Ni maneno mazuri," akasema. Halafu akasugua magoti yake kwa viganja. "Wiki ile nilikuwa nimetoka kuzika ndugu yangu. Tumefuatana tumboni, sisi. Nilikuja kwenu moja kwa moja kutoka kaburini kwa sababu nilikuwa nimeahidi. Nilisimama pale nikiwa sina kitu. Nikasema vile viwili vitatu nilivyokuwa navyo, na wamama wakalia. Nikajiambia, kumbe Mungu hajaniacha. Hata nikiwa hivi, bado ananitumia." Akamtazama Wanja. "Nimeishi siku hizi zote kwa yale machozi. Sasa unaniambia yalikuwa yako."

Niliiweka soda yangu chini. Katika miaka yangu yote ya kazi sijawahi kutamani kuwa mahali pengine kama siku hiyo. Wanja alilia, kilio cha mtu mzima, bila sauti. Nje mbuzi alikuwa anaendelea kula.

"Mbuzi ni wako basi," Mchungaji akasema.

"Siwezi, Mchungaji."

"Hata mimi siwezi." Akafikiri. "Kwa wazee wenu siendi. Waje wao. Jumapili utahubiri hapa, kwa Kiswahili. Ibada ya pili ni ya wamama waliotoka nyumbani kuja kulea wajukuu. Wengi wao wanajua Kibukusu chetu tu. Mimi ndiye nitakukalimania."

Njiani kurudi Wanja aliniuliza, "Mwalimu, atafanya nini? Atanilipiza?" Nikamwambia sijui. Sikujua kweli.

Jumapili tulifika Kiuu, wazee wote wa kanisa wakiwa na koti na tai. Mzee Kamande akapewa kiti karibu na spika, ambayo Kelvin alikuwa amekuja nayo mapema na kuifunga mwenyewe. Wamama walijaa, wajukuu mapajani. Mchungaji Wafula akamkaribisha Wanja mbele, kisha akasogea kushoto kwake, nusu hatua nyuma, akafunga mikono.

Wanja alianza vizuri. Sentensi ya kwanza ilikuwa nzuri, Mchungaji akaitafsiri. Ya pili pia. Mimi Kibukusu sikijui, lakini nimesimamia ukalimani kwa muda mrefu kiasi cha kuijua sentensi iliyoongezwa kwa urefu wake tu. Fupi ilitoka fupi. Ndefu ilitoka ndefu. Mchungaji alikuwa akitafsiri neno kwa neno.

Kisha Wanja akanyamaza, na mimi nikaona tatizo kabla yeye hajaliona. Mkalimani akishamaliza sentensi husimama na kungoja apewe nyingine. Miaka yote hiyo alikuwa mtu wa kupewa. Sasa alikuwa amemaliza sentensi, na mwili wake ukangoja, na hapakuwa na mtu wa kumpa. Ndipo yale aliyoyaandaa yakamtoka kichwani yote.

Akageuka kumtazama Mchungaji. Kila mtu mle ndani alielewa anaomba nini. Mkalimani mzuri angeweza kumwokoa. Angesema chochote kwa Kibukusu, wamama wangeitikia amina, na Wanja angepata pumzi. Mchungaji Wafula alibaki amefunga mikono, uso mpole kabisa, akingoja.

Spika ilikoroma. Mtoto akapiga chafya. Mzee Kamande alitazama saa yake, akaitazama tena. Mimi nilikuwa na sentensi nzuri sana mdomoni, ningemrushia tu kutoka kwenye benchi na angeidaka. Nikaimeza. Ilikuwa kubwa.

"Sina la kusema," Wanja akasema.

Mchungaji akatafsiri hivyo hivyo. Wamama wakacheka kidogo, na mmoja akasema kitu ambacho baadaye niliambiwa ni pole.

Wanja akashusha pumzi. "Juzi huyu mchungaji alikuja kwetu Theta. Nilikuwa mkalimani wake." Akatafsiriwa. "Aliongea maneno machache. Mimi nikayaona hayatoshi. Nikayafunika kwa yangu." Akatafsiriwa. Sauti ya Mchungaji haikutikisika, maana alikuwa hajajua anapelekwa wapi. "Sikujua ametoka kumzika ndugu yake. Alitoka kaburini, akaja kwa watu asiowajua, akasimama, akasema Mungu ni mwema."

Hapo Mchungaji alichelewa. Kanuni ni kanuni: usipunguze, usilie. Akaitafsiri, kipande kwa kipande, ndugu yake mwenyewe, kaburi lenyewe, kwa lugha ya nyumbani mbele ya wamama wa nyumbani. Alimaliza.

"Hayo ndiyo yalikuwa mahubiri," Wanja akasema. "Mimi ndiye sikuyasikia, na kazi yangu ilikuwa kusikia. Leo nimekuja kuyarudisha. Mungu ni mwema."

 Mchungaji Wafula akatoa kitambaa, akakishika tu. Kisha akayasema kwa Kibukusu, maneno machache kama alivyopewa, hakuongeza hata moja. Wamama wakalia. Safari hii alijua ni kwa sababu gani.

Wanja alisema amina akaenda kukaa. Hata chai ilikuwa haijachemka.

Baadaye wazee wakakusanyika kando ya duka la nafaka, maana kanisa lile halina vestri. Mchungaji akawaambia maneno mawili: "Mimi nimeridhika." Mzee Kamande alivua kofia. "Yalikuwa mafupi," akasema. Tukangoja. "Lakini leo nimesikia mahubiri ya mtu mmoja tu. Jina liende."

Wanja alikwenda. Kelvin alipata kazi ya ujenzi mwaka uleule, akapanga nyumba hapa Ruiru, na siku hizi anahubiri Jumapili na kukagua paa la kanisa Jumatatu. Mahubiri yake ni mazuri. Paa ni zuri zaidi. Baba yake hukaa benchi la mbele. Mbuzi alizaa huko Kiuu, na Mchungaji Wafula alituletea mwanambuzi siku ya mavuno iliyofuata, akahubiri mwenyewe, na kijana mwingine kushoto kwake.

Nimalizie kwa siku ile ya kuniaga. Wanja alikuja, sasa ni mchungaji, ana ushirika wake mbali huko na amesahau kushona kola, asema yeye. Akaombwa ahubiri. Akasema atahubiri kwa Kiswahili kwa sababu ya wageni, na wazee wa Theta wanahitaji mkalimani, na mkalimani amenichagua mimi. Nikapinga. Nikasema nimestaafu, tena blanketi nimeshapewa. Hakunisikiliza. Nikavua kofia, nikasimama kushoto kwake, nusu hatua nyuma.

Alihubiri vizuri, nami nikatafsiri vizuri. Kisha akageuka kidogo upande wangu. "Siku ile niliyokosa la kusema," akasema, "Mwalimu alikuwa amekaa karibu yangu, na alikuwa nalo. Nililiona mdomoni mwake. Akaninyima. Mwalimu, mimi nakushukuru."

Haiya. Mnaikumbuka kanuni. Akisema "mimi", nawe useme "mimi". Nilisimama mbele ya watu niliowatumikia maisha yangu yote, maikrofoni mkononi, machozi yananitoka kinyume cha kanuni zangu mwenyewe, nikasema kwa Kikuyu: Mwalimu, mimi nakushukuru. Nilitamani sana kupunguza. Sikupunguza.